Tundu Dogo la Mpumzishe

Kila asubuhi Koleta aliamshwa na Mpumzishe. Ilianza kwa kukohoa uani, halafu ikashika mlio wake, tre-tre-tre-tre, na baba yake, Luhende, akaiondoa polepole kuelekea lambo. Koleta alifagia, akala michembe ya viazi vikavu kwa chai, akavaa sare. Alipokuwa akitoka kwenda shule, Mpumzishe ilikuwa inarudi na mapipa yamejaa maji, na akina mama wamekwisha kupanga ndoo zao.

Mpumzishe haikuwa gari, na pikipiki kamili haikuwa. Ilikuwa pikipiki kuukuu, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, iliyokatwa nyuma ikaungwa bodi ya mkokoteni na magurudumu mawili manene ili ipite kwenye mchanga. Fundi Shaban wa Cheyo, mjini Tabora, ndiye aliyeiunda, mwaka ule kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa karibu na Igalula. Kabla yake, wanawake walibeba maji kichwani kwa njia ile ile ya zamani ya misafara, ambayo babu zao waliipita na mizigo ya watu. "Nasi ni wapagazi," walikuwa wakisema, wakitua ndoo na kusugua shingo. Mashine ilipokuja, wao ndio walioipa jina.

Mwisho wa kiangazi, Luhende alishikwa na homa. Alilala akitetemeka chini ya mablanketi, lakini akili yake ilikuwa kwenye mashine.

"Koleta, mwanangu. Jana injini ilikuwa inakatakata. Nadhani uchafu umeingia kwenye jeti. Unaweza kuifungua?"

"Naweza, baba. Ulinionyesha."

Jeti ilikuwa skrubu ndogo ya shaba ndani ya kabureta, yenye tundu jembamba kama jicho la sisimizi. Petroli ya injini ilipita hapo.

"Isafishe kwa unyasi wa ufagio, kisha uipulize," alisema Luhende. "Waya usitumie. Shaba ni laini."

"Sawa, baba."

Siku hiyo Koleta alikuwa amechoka. Alikuwa ametoka kulima shamba la shule juani. Alipofika nyumbani alipika uji wa mgonjwa na kufua, maana mama yake, Benedikta, alikuwa na mimba kubwa na kuinama kulimshinda. Alipoketi na ile jeti, macho yalikuwa yanajifumba. Unyasi wa kwanza ulikatika, kipande kikabaki ndani ya tundu. Wa pili nao ulikatika. Karibu na mguu wake ulikuwapo waya wa breki wa baiskeli, umefumuka. Akachomoa uzi mmoja wa chuma, akauingiza kwenye tundu, akasokota na kusokota mpaka vipande vya unyasi vikatoka.

Vumbi la njano, jembamba kama unga, lilimwangukia kiganjani. Koleta alilitazama. Alijua ni kitu gani. Akalipangusa kwenye sketi, akaifunga jeti mahali pake, akaenda kulala.

Luhende alipopata nafuu, aliiwasha Mpumzishe. Iliwaka, lakini haikuwa ile ya zamani. Ilitoa moshi mzito, ikapoteza nguvu, ikawa inazimika mchangani na Luhende, ambaye homa ilikuwa bado haijamtoka vizuri, anaisukuma kama ng'ombe aliyegoma. Alibadilisha plagi, akachuja petroli, hakuona kitu. Pipa la petroli ambalo lingefikisha kijiji hadi mvua za kwanza likakauka kabla ya wingu lolote kuonekana. Wanawake wakarudi kwenye ndoo.

Jioni moja Koleta na mama yake walikuwa lambo, wakichota maji ya tope pamoja na wengine. Jirani yao Leonia hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Petroli haina miguu, jamani. Labda huko stesheni ya treni kuna watu wanaouziwa."

Wenzake walicheka. "Mpumzishe sasa inampumzisha Luhende peke yake!" mmoja akadakia.

Benedikta alikunja kata ya kanga, akainama kwa taabu ajitwishe. Leonia huyo huyo akamshika mkono.

"Acha, mama Koleta. Mambo ya petroli ni ya mumeo. Mgongo huu ni wako." Akaongeza ndoo ile juu ya kazi yake mwenyewe, akaifikisha mpaka mlangoni, akaenda zake bila kungoja asante.

Wema ule ulimchoma Koleta kuliko kicheko.

Siku ya pili yake mwenyekiti wa kijiji, Mayala, alipita nyumbani kwao. Hakuketi. "Ndugu Luhende, Fundi Shaban anakuja kwa treni. Akisema mashine ni nzima, tutampa mtu mwingine aiendeshe. Na mkutanoni utatueleza petroli ilikokwenda."

Mayala alipoondoka, Luhende aliitazama mikono yake. "Labda kweli nilisahau kufunga pipa," alisema polepole. "Homa inasahaulisha." Koleta alifungua mdomo. Akaona jinsi mashavu ya baba yake yalivyobonyea, akaufunga tena.

Fundi Shaban alifika jua likiwa kali, na mfuko wa vyombo begani. Alipewa maji, akanywa nusu, nusu akampa Luhende. Watu wakakusanyika.

"Shikamoo, babu," alisema Koleta.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nishikie spana."

Alifungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa. "Tazameni, kama kitako cha sufuria. Mashine hii inakunywa mno." Kisha akatoa jeti, akaielekeza kwenye jua, akaitazama kwa muda mrefu. Spana ilimponyoka Koleta. Fundi aliisikia ikigonga bodi, lakini hakugeuka.

"Petroli haikuibwa," alisema. "Imetoka na moshi. Tundu limepanuliwa."

"Basi Luhende amelipanua!" alisema Mayala. "Alitaka ikimbie. Mali ya kijiji hiyo!"

Luhende alishtuka. Alitaka kusema kitu. Macho yake yakamwangukia Koleta, yakabaki hapo. Kisha akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekabidhiwa mashine, Ndugu Mwenyekiti. Kosa ni langu. Mpeni mwingine."

"Siyo baba!" Sauti ya Koleta ilitoka ikiwa imepasuka. "Ni mimi. Baba alinikataza waya. Unyasi ulikatika, nikatumia waya wa breki. Vumbi la shaba nililiona, nikalipangusa."

"Kwa nini hukuniambia?" Luhende aliuliza.

"Ulikuwa mgonjwa, baba. Na mimi nilikuwa nimechoka. Baadaye nikaogopa."

Leonia alimsogelea Luhende, ameshika tama. "Shemeji, nisamehe. Ulimi wangu nao una tundu kubwa." Watu wakacheka, na Luhende akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza tangu alipougua.

Fundi Shaban alitoa kopo la peremende lililojaa jeti. Akafunga moja, akamimina petroli kidogo aliyokuja nayo, akamwambia Luhende aikimbize mpaka kwenye kichuguu na kurudi. Mlio ulikuwa mwembamba, na injini ilirudi inaunguza. Fundi akampa Koleta spana. "Fungua plagi. Unaona nini?"

"Nyeupe, babu. Kama majivu."

"Hiyo ina kiu. Tundu ni dogo mno. Tukiiacha hivi, itaungua."

Akafunga nyingine, kubwa kidogo. Mpumzishe ilienda na kurudi, tre-tre-tre-tre, na wanawake wakaijua sauti ya mashine yao. Koleta alifungua plagi, akaipulizia ipoe. "Rangi ya asali, babu!"

"Hapo ndipo," alisema fundi, akifunga kopo lake.

Mayala alimwomba Luhende radhi mbele ya watu, akamwachia mashine. Lakini pipa lilikuwa bado tupu, na petroli nyingine ingechelewa. Iliamuliwa kwamba mpaka itakapofika, Koleta atawachotea maji wazee wasiojiweza. Luhende akasema atachota pamoja naye.

Benedikta alimvuta binti yake kando, akampangusa uso kwa ncha ya kanga. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mashine huchoka. Siku ile ungesema, 'Mama, nimechoka, unyasi umekatika,' kazi ingengoja kesho. Hata baada ya kuharibu ungesema, tungetengeneza. Ulipoficha, mzigo wako tuliubeba sisi wote bila kujua ni wa nani. Aliyechoka aseme, apokewe. Aliyekosea aseme, asaidiwe."

"Nimesikia, mama."

Jioni ile Koleta na baba yake walirudi kutoka lambo kwa njia ya misafara, kila mmoja na ndoo yake. Jua lilikuwa linazama na mchanga ulikuwa bado wa moto. Walipofika kwenye kichuguu, Koleta alisimama.

"Baba," alisema, "nimechoka."

Luhende alinyoosha mkono. "Lete."