Maneno ya Mzee Nsengimana Yasipotee

Mwaka 1999, kila asubuhi, Reverien alimpikia baba yake uji mwepesi. Baba yake, mzee Nsengimana, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyumba yao hapa Makere. Alikunywa uji kwa kijiko, polepole, kwa sababu koo lilimuuma. Zamani sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya shamba la mihogo. Sasa ilikwaruza, na baada ya maneno machache ilibidi apumzike.

Daktari alikuwa amewaambia ukweli. Kooni kulikuwa na uvimbe mbaya. Ijumaa mzee angesafirishwa kwenda Mwanza kupasuliwa. Wangeondoa uvimbe pamoja na sehemu ya koo inayotoa sauti. Angeweza kupona, lakini asingezungumza tena.

Mzee hakulalamika. Alimfikiria mtu mmoja tu, binti yake Esteri.

Esteri aliolewa Kumsenga, mbali, upande wa Kibondo, na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka. Mzee alimfukuza mbele ya watu. Kwa miaka saba hakulitaja jina lake. Ukaidi wa namna hiyo tunaujua, wengi wetu tumeurithi. Sasa alitaka kumwomba msamaha, na siku zilikuwa zimebaki tatu.

"Nimwandikie barua, Baba?" Reverien aliuliza.

"Ataikataa. Atasema umeitunga wewe ili tupatane." Mzee alipumzika kidogo. "Anione mimi. Auone mdomo wangu ukisema."

Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kumsenga. Esteri asingeweza kufika kabla ya Ijumaa.

Reverien alikuwa karani wa parokia. Parokia ilikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, ya mtumba, na kamera ya video. Kamera ilichukua picha vizuri, lakini kipaza sauti chake kilikuwa kimekufa. Basi Reverien akaamua kuchukua picha kwa kamera na sauti kwa kompyuta. Baadaye angecheza vyote kwa pamoja, picha kwenye televisheni ya parokia na sauti kwenye kompyuta.

Jumanne asubuhi mzee alivaa koti lake la kanisani. Kwetu mzazi anapotoa irage, yaani neno la kuwaachia watoto, watu hutulia kabisa. Hata anayewashwa hajikuni. Reverien aliwasha vyombo vyake, akakaa, akabana mikono katikati ya magoti.

Dakika ya tano kioo cha kompyuta kikaleta picha ya samaki wanaoogelea. Reverien aliwaona. Angeweza kugusa kitufe wakaondoka, lakini aliona ni kukosa adabu mbele ya baba. Akawaacha. Mzee alizungumza robo saa nzima, akamaliza akiwa amelowa jasho.

Walipocheza picha na sauti, dakika za mwanzo zilikuwa safi. Kisha sauti ikaanza kukatika. "Es... nili... mbele ya..." Neno la msamaha halikusikika. Tena sauti ilitangulia mdomo. Mzee kwenye picha alikuwa bado anatamka jina la binti yake, na sauti ilikwisha kufika mbali.

Reverien alitokwa na machozi. "Esteri akiona hivi, atasema nimeunganisha maneno."

Kesho yake, siku ya gulio, alimtafuta mama Sophie. Huyu ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuja sokoni kwa kibali kuuza sabuni. Kule kambini alirekodi kwa kompyuta salamu za watu waliopotezana na ndugu zao. Sophie alifunga meza yake mapema, akaenda naye parokiani.

"Bon," alisema. "Wakati mzee anasema, ulikuwa unagusa mashini?"

"Hapana, mama. Ningemkosea heshima."

"Njo ile, ndiyo sababu. Usipoigusa, inafikiri umeenda zako. Inaleta samaki, kiisha inataka kulala ili kulinda betri."

"Lakini samaki wanaizibaje sauti?"

"Sauti inaingia kwanza fasi ndogo, kama bakuli chini ya bomba. Kiisha mashini inamwaga lile bakuli kwenye pipa. Pipa ni disiki ya ndani. Mashini ikishughulika na samaki, inachelewa kumwaga. Bakuli linafurika. Kile kinachofurika ni maneno ya baba yako."

"Na kwa nini sauti inatangulia mdomo?"

"Pale ilipopoteza haiachi nafasi, inaunganisha. Kila kipande kikipotea, sauti ya nyuma inasogea mbele."

Sophie akakaa mbele ya kompyuta. Kwanza aliwazima wale samaki. Akaikataza kompyuta kulala, akaiunga kwenye umeme wa sola wa parokia. Kisha akafunga programu zote zisizohitajika.

"Huu mchezo wa karata ni wa padri?" aliuliza.

Reverien alitazama chini. Sophie akaufunga. Mwisho akaingia kwenye programu ya kurekodi, akaongeza ukubwa wa lile bakuli.

"Sasa tusimchoshe mzee. Jaribu wewe. Hesabu moja mpaka mia tano, mikono mbali na mashini."

Reverien alihesabu mpaka mate yakamkauka. Walisikiliza mwanzo hadi mwisho. Hapakukosekana namba hata moja.

"Mzee akianza, piga kofi moja mbele ya kamera," Sophie alisema. "Akimaliza, piga tena. Ukicheza, linganisha kofi la kwanza la picha na la sauti. Kama kofi la mwisho nalo linakutana, ujue katikati hakuna kilichopotea."

Sasa kulikuwa na kazi ngumu kuliko kompyuta. Mzee hakutaka kurudia.

"Irage nilishatoa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nirudie kama mtu wa maigizo?"

"Baba, kosa ni langu. Nilijaribu kwako bila kujaribu kwangu kwanza. Nisamehe."

Neno hilo mzee mwenyewe lilimchukua miaka saba kulitamka.

"Kesho asubuhi," alisema.

Alhamisi Reverien alipiga kofi, mzee akasema. Maneno yalikuwa machache kuliko ya kwanza, maana nguvu zilikuwa zimepungua. Walipocheza, makofi yote mawili yalikutana. Reverien akahifadhi nakala mbili. Ijumaa mzee akaenda Mwanza.

Alirudi baada ya miezi miwili, amepona, shingo imefungwa kitambaa, hana sauti. Tangu siku hiyo watu wa Makere walianza kuwaleta wazazi wao parokiani kurekodiwa. Reverien humfanya kila mtu ahesabu kwanza. Wanamcheka, lakini wanahesabu.

Barabara ilipofunguka, Reverien alimwita Esteri, naye akaja. Alisimama karibu na mlango wa chumba cha parokia, hajavua hata kanga ya safari. Baba yake alikuwa kwenye benchi. Reverien akacheza picha na sauti.

"Esteri, mwana wanje, mwanangu," alisema mzee kwenye televisheni. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja. "Nilikufukuza mbele ya watu. Nasema mbele ya watu, nilikosa. Watoto wako ni wajukuu zangu. Njoo nyumbani."

Esteri alimgeukia. "Ni wewe uliyesema hivyo, Baba?"

Mzee Nsengimana aliweka kiganja kifuani, akajipiga mara moja. Kisha akasogea kwenye benchi, na Esteri akaja kukaa.