Kaburi la Bonifasi

Jua lilikuwa linazama Manase alipotumwa kuokota mawe ya kaburi. Kaburi la filamu, tena filamu ya wazee watatu ambao hawakuwahi kuigiza hata shuleni. Tangu mabanda ya video yajae Manyoni, kila mtu alijiona anaweza. Dorika naye akawashika marafiki zake wa zamani, Manase na Chrispin, wakakodi kamera ya Sixbert, mpiga picha wa maharusi, wakasafiri mpaka kwenye vichaka vya Itigi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya wazee wanaosafiri kwenda kuliaga kaburi la mwenzao.

Na huyo mwenzao alikuwa mtu wa kweli. Bonifasi, kaka yake Dorika. Miaka ishirini na nane nyuma alitoka na Manase kwenda kutafuta kibarua cha reli, akarudi Manase peke yake. Homa, alisema. Nimemzika kwa mikono yangu.

"Tuchezee pale pale ulipomlaza, kaka Manase," Dorika aliomba.

Manase akanyoosha kidole popote tu, maana hapakuwa na pale. Alimwacha Bonifasi chini ya kichaka, anahema, akaenda kumtafutia maji. Akasikia fisi. Akashika njia ya nyumbani. Aibu hiyo alikuwa ameibeba miaka yote.

Mawe yakapangwa. Chrispin, aliyeigiza maiti, akajifunika blanketi gubigubi. "Msinizike kweli, bado nina mbuzi wa kuuza!" akatania. Wengine wakainamia kamera, Sixbert akibadilisha betri ya mwisho. Dorika akavaa hedifoni za kusikilizia sauti.

"Haya, mzee, anza. Giza linaingia," Sixbert akasema.

Manase akapiga magoti, akachota udongo.

Harufu ikamjia. Jasho la homa... lile lile.

"Manase..." blanketi likanong'ona. "Maji."

Maiti hakuwa na neno hata moja katika filamu ile. Chrispin huyu na utani wake!

"Nyamaza," Manase akanong'ona.

"Umechelewa..."

Ile sauti aliijua.

Udongo ukamponyoka. Aliyoyaficha yote yakamtoka kwa mnong'ono: nisamehe, Boni, nilikuacha ungali hai, niliogopa, nikadanganya watu.

Nyuma ya kamera mtu akakohoa. Chrispin alikuwa anatoka vichakani, anafunga mkanda wa suruali.

"Jamani, mkojo wa uzeeni hausubiri. Mmeanza bila mimi?"

Wote wakageukia kaburi. Blanketi lilikuwa bado limevimba. Kisha taratibu... likalala chini.

Tupu.

Sixbert akazima kamera. Dorika akavua hedifoni. Kipaza sauti walikuwa wamekificha ndani ya shati la Manase, na Dorika alikuwa amesikia kila neno.

"Ulituambia umemzika," akasema. Hakupaza sauti. "Ndiyo maana hakuna aliyekwenda kumtafuta. Siku ya tatu tukanyoa nywele, tukaondoa matanga."

Manase akafungua mdomo aombe radhi. Hakuwahi. Kutoka vichakani, karibu kabisa, mtu mwingine alimjibu Dorika.

"Siku ya tatu nilikuwa hai bado, mdogo wangu."