Mchoraji wa Moto wa Karthala

Zama zile wafaume wa kisiwa cha Ngazidja walipovamiana kwa mikuki na ngao za ngozi, mji wa Mwangani ulikuwa mashakani. Juu yake mlima Karthala ulikuwa ukinguruma kwa siku ya tatu, na ukungu mzito ulikuwa umeficha kilele. Chini, njia ya pwani ilishikwa na mahasimu wao, watu wa Hamtsala. Mfaume wa Mwangani akaapa mbele ya watu kuwa atakayetaja kuhama ni msaliti.

Kisha akamwita jemadari wake, Mdahoma. "Panda na yule Mtaliani. Nileteeni yakini ya mlima."

Mtaliani huyo, Anselmo, alikuwa mchoraji aliyeachwa kisiwani na merikebu. Kwao alichora mlima utoao moto, maana mabwana wa Ulaya wa karne ile walipenda kutundika picha hizo kumbini mwao.

Adhuhuri walitokeza juu ya ukungu. Ardhi ilichoma hata makubadhi ya Mdahoma yakaanza kunuka. Ghafla ubavu wa mlima ukapasuka chini yao. Moto ukamiminika, mzito kama uji, ukashika bonde liendalo Mwangani.

Anselmo akaketi, akakunjua karatasi.

"Tuondoke, bwana," Mdahoma akasema. "Nimepigana vita sita, sijapata kutetemeka hivi."

"Nami natetemeka." Akachovya brashi katika rangi. "Kwetu nilichora nikiwa ng'ambo ya ghuba. Sikujua kuwa mlima una sauti hii."

Alichora ufa, na majabali mawili ya bondeni ambayo kila mtu wa Mwangani aliyajua, moto ukipita katikati. Hajanyanyuka, jiwe likaanguka kutoka angani, likamponda miguu. Mdahoma akajaribu kumbeba, lakini Anselmo akamsukuma, akamkabidhi picha.

"Wewe ukisema, watadai umeogopa. Karatasi haiogopi. Nenda."

Mdahoma akamwacha. Jambo hilo hakujisamehe maisha yake yote.

Mjini, Mfaume aliitazama picha. "Niliapa mbele ya watu," akanong'ona.

"Kwa mwoga huenda kicheko, Mfaume, na kwa shujaa huenda kilio. Tuchague kicheko," Mdahoma akamjibu.

Siwa, pembe ya mwito wa Mfaume, ikapulizwa. Mji mzima ukateremka bila silaha, nyuma moto, mbele adui, hadi lango la Hamtsala. Juu ya ukuta alisimama mtawala wa mji huo, bibi aitwaye Echati, mikuki imemzunguka.

"Mmekuja kupigana na watoto migongoni?"

Mdahoma akainua ile picha. Echati akaagiza aletewe, akaitazama kitambo kirefu, kisha akatazama ukungu uliokuwa umegeuka mwekundu.

"Fungueni," akasema.

Jioni ile Mwangani ukafunikwa, ukawa mwamba mweusi. Picha yenyewe ililiwa na mchwa, na mwili wa Anselmo haukuonekana. Lakini watu wa miji ile miwili waliozana, na vita vyao vikakoma.

Uzeeni, vijana walipomwuliza Mdahoma moto ule ulifananaje, aliwajibu, "Mimi niligeuza uso. Aliyetazama ni yule niliyemwacha."