Tabasamu Chini ya Ngazi

"Wazazi wengine wamehamisha watoto leo," Mwalimu alisema, akitupa mkoba wake mezani. "Mmoja ameniambia usoni kabisa. Ati mwanawe hawezi kufundishwa na mwizi wa kura."

Fundi, mchumba wake, hakuinua macho. Alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Shangazi, akitengeneza feni.

"Watasahau, mpenzi. Watu wa mtandaoni hawakawii kupata kingine."

"Lini? Mama yako amesema harusi isimame mpaka nijisafishe. Nijisafishe kwa sabuni gani, niambie!"

Fundi akakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Na kosa lenyewe la binti wa watu? Siku ya uchaguzi alisimamia kituo cha kura, humohumo darasani kwake. Kura zikihesabiwa, umeme ukakatika. Fundi, ambaye ndiye fundi umeme wa halmashauri, akaitwa mbio na ngazi yake. Mwalimu, kwa kuogopa mtu asije akatia mkono gizani, akalivuta sanduku na kulikumbatia mpaka taa zikarudi. Mawakala wa wagombea wote wawili walikuwa naye.

Kesho yake nchi nzima ilikuwa inatazama kipande kifupi cha video: mwanamke, mwanga hafifu wa tochi, anavuta sanduku kifuani. Juu yake pameandikwa: HIVI NDIVYO TUNAVYOIBIWA. Watu wakaapa hawapigi kura tena maishani. Tume ya uchaguzi ikakanusha, na huko kukanusha kukageuzwa ushahidi wa pili. Wakala wa aliyeshindwa akanyamaza, maana uongo ulimfaa. Wa aliyeshinda alisema ukweli, lakini nani angemsikiliza?

Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuitazama. Kila akijaribu, moyo ulimshinda.

"Itazame, mwanangu," Shangazi alisema, akimnyooshea simu. Ndiye aliyemlea tangu mdogo. "Mara moja tu. Huenda ukamjua aliyekupiga video."

Mwalimu akajikaza, akaipokea. Akatazama mpaka mwisho, akarudia tena. Aliona mikono yake, aliona sanduku, na aliona utosi wake na mistari ya nywele zake zilizosukwa.

"Hii imepigwa kutoka juu," alisema taratibu.

Bisibisi ikaanguka sakafuni.

"Wote tulikuwa chini, tumelizunguka sanduku. Aliyekuwa juu alikuwa mtu mmoja tu." Akageuka. "Wewe. Juu ya ngazi."

Fundi aliinama kuokota bisibisi.

"Sema!"

"Nilikupiga kwa mapenzi," alisema. "Ulivyolishikilia lile sanduku, mwenzangu, niliona fahari. Nikaweka kipande kwenye stetasi yangu mtandaoni, nikaandika 'Malkia wangu kazini.' Basi. Sijafika hata nyumbani, mtu keshakichukua, kafuta maneno yangu, kaweka yake."

"Na video nzima?"

"Ninayo."

"Unayo!" Mwalimu alipaza sauti. "Nimelia begani kwako! Nimekuomba unisaidie kumtafuta huyo mtu, ukaniambia tutampata!"

"Simu zilikatazwa mle ndani. Halmashauri wangenifukuza. Nikasema acha upepo upite, tuoane, halafu..."

"Kwa hiyo mimi niitwe mwizi, wewe usifukuzwe kazi."

Machozi yalikuwa yanamtoka Fundi waziwazi, mwanaume mzima, wala hakuyafuta. Akatoa simu, akaiweka video nzima hadharani kwa jina lake: "Mimi ndiye niliyepiga. Huyu ni mchumba wangu. Hakuiba. Tazameni mpaka mwisho."

Kabla giza halijaingia ujumbe ukafika kutoka kwa bosi wake: "Rudisha funguo na ngazi. Kazi huna."

"Sawa tu," Fundi alisema. "Almradi ukweli umetoka."

Ukweli ulitoka kweli. Video nzima iliwaonyesha mawakala wote wawili wameliwekea sanduku mikono pamoja na Mwalimu. Kisha taa zinawaka, Mwalimu anainua uso, anatazama juu na kutabasamu.

Shangazi akaanza kusoma maoni kwa sauti, akiwa na matumaini.

"'Hii imetengenezwa na kompyuta.' Mjinga huyu. 'Siku zote hizo alikuwa wapi?' Hm. 'Mchumba wake! Mlitaka aseme nini?'"

"Endelea," Mwalimu alisema.

"Basi, mwanangu, yatosha."

"Soma, Shangazi."

"'Mwoneni anavyomtabasamia wa kwenye ngazi. Huyo ndiye aliyekata umeme. Walipanga wawili hawa.'" Sauti ya Shangazi ikafifia. "Hili ndilo wanalolipenda wengi."

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa mama yake. Akatoka hadi mlangoni kupokea, na kila mtu alimsikia akisema, "Hapana, mama. Hapana. Hatukupanga, naapa."

Shangazi alimsogelea Mwalimu. Akashusha sauti, ile sauti aliyokuwa akimbembelezea alipokuwa mtoto na homa.

"Mwanangu, hapa tuko wenyewe. Mimi nimekulea, sitamwambia mtu. Hamkupanga kitu?"

"Hata wewe, Shangazi?"

"Nauliza tu, mama. Nimeiona kwa macho yangu." Akaigusa simu, na pale kwenye kioo Mwalimu wa kwenye video akainua uso tena, taa zimemwangaza, anacheka na mtu wa juu. "Basi niambie, hapa ulikuwa unatabasamu nini?"

Mwalimu aliutazama uso ule. Mlangoni Fundi alikuwa amemaliza kuzungumza na mama yake, amesimama na simu mkononi, anasubiri jibu kama Shangazi.

"Nilikuwa nampenda," alisema.