Jeki ya Tani Moja

Mtaani kila mtu aliliita lile pikapu "Tani Moja". Seremala na mkewe walilinunua ili wapeleke makabati na milango kwa wateja. Mke ndiye aliyekuwa dereva. Mume alishika usukani siku moja tu, akagonga lango la karakana yake mwenyewe, na tangu hapo akawa abiria. Majirani walimtania mpaka wakachoka.

Asubuhi moja watoto walikwenda shule, wao wakapakia makabati mawili. Hawakufika mbali. Gari lilianza kuvuta upande, mke akaliegesha pembeni, kwenye udongo laini.

"Pancha," alisema. "Tairi la nyuma."

"Usijali, jeki ipo." Seremala alitoa jeki ndogo iliyobaki walipouza kigari chao cha zamani.

Mke aliikazia macho. "Baba watoto, hii itaweza kweli?"

"Soma mwenyewe. Tani moja na nusu. Gari letu ni tani moja. Inabaki nusu nzima! Unataka nini tena?"

Mke akampisha, lakini moyo wake haukutulia.

Jeki ilipanda hadi mwisho, tairi bado limegusa chini. Seremala akaishusha, akapanga vipande vitatu vya mbao chini yake.

"Mbao ndiyo kazi yangu," alisema huku akicheka.

Safari hii tairi lilinyanyuka. Akafungua nati, akalitoa. Nati moja ikamponyoka, ikabingirika chini ya gari.

"Iache!" mke alisema.

"Mara moja tu." Alilala kifudifudi, akaingiza mkono, kisha bega, kisha kichwa.

Mke akasikia mbao zikilia: krii! Akaona jeki inainama. Hakungoja. Alimshika mumewe miguu yote miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote. Shati likachanika mgongoni. Gari likaanguka kwa kishindo, pale pale kilipokuwa kichwa chake.

Jamani! Seremala alikaa vumbini. Mke alianza kulia, kisha akampiga ngumi ya bega.

"Ungeniachia watoto peke yangu! Kwa sababu ya nati! Nati moja!"

"Nisamehe, mke wangu. Nisamehe."

Lori la mchanga likasimama. Akashuka jirani yao, mwanamke ambaye wote walimwita Mama Lori kwa sababu ya kazi yake. Alitazama mbao, akatazama jeki, akashika kiuno.

"Shemeji, nani kakwambia gari hili lina uzito wa tani moja?"

"Si ndilo jina lake?"

"Ala! Tani moja ni mzigo linaobeba. Na chuma chenyewe je? Na injini? Likiwa tupu linakaribia tani mbili. Haya, ongeza makabati yako."

Seremala aligeuka, akayatazama makabati.

"Lakini jeki inanyanyua upande mmoja," mke alisema, huku akifuta machozi. "Si gari zima."

"Kweli, dada. Ila usinunue ya kubahatisha. Kwa pikapu kama hili chukua jeki ya mafuta, ile ya kupampu, ya tani tatu au zaidi. Halafu pima. Tairi likiwa halina upepo, jeki iweze kuingia chini ya gari. Ikipanda, tairi lenye upepo nalo liweze kuingia. Ikiwa fupi, hiyo si yako."

"Na udongo ukiwa laini?"

"Ubao mmoja, mpana na mnene, kitako chote cha jeki kikae juu yake. Mmoja, shemeji! Usijenge ghorofa."

Walishusha makabati. Mama Lori alileta jeki yake, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, akalinyanyua gari, wakafunga tairi la akiba.

"Siku nyingine, legezeni nati kabla ya kunyanyua," alisema. "Na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Nati ikikimbilia huko, ivuteni kwa kijiti."

Kesho yake walikwenda dukani. Muuzaji aliwasifia jeki moja inayong'aa. Mke akatoa kamba aliyopimia gari, yenye mafundo mawili: moja la kimo cha chini, moja la juu. Jeki ile haikufika fundo la juu.

"Hapana, kaka. Nipe ile nzito, yenye rangi mbaya."

Haukupita muda mrefu, pancha nyingine ikawapata. Mvua inanyesha, milango imejaa nyuma, malori yanapita karibu. Mke alivuta breki ya mkono. Alilegeza nati. Mume akaweka mawe na ubao, kisha akasogea mbali. Jeki ikapanda polepole. Mke alitega sikio. Hakuna kilicholia. Gari likasimama kimya, tairi jipya likaingia bila kulazimishwa.

Walifika nyumbani wamelowa chepechepe. Binti yao mdogo alikuwa mlangoni, kanuna.

"Mmechelewa! Kulikuwa na nini?"

"Pancha," alisema baba yake.

"Pancha tu?"

Seremala alimwinua, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

"Pancha tu, mwanangu," alisema.