Katoni ya Pili ya Kalamu

"Kalamu zimetoka nyumbani."

Redio ya Motorola ilikoroma kifuani mwa Liévin saa nne na robo asubuhi. Sauti ilikuwa ya Kanali Marcelline, mkuu wake katika idara ya ujasusi.

"Gari gani, Kanali?"

"Land Cruiser nyeupe. Adolphe mwenyewe iko ndani. Ndege inaruka saa tano."

"Nimemuona."

"Mara hii isipite, Liévin."

Mara hii.

Maneno mawili tu, lakini yalimchoma. Alipiga kiki pikipiki yake ya Boxer, akaingia bulvari kuu ya Bunia huku Land Cruiser ikitimua vumbi mbele yake. Lori la mbao kutoka Niania lilikuwa limeziba nusu ya njia. Liévin akapenya kati ya lori na meza ya mama wa mandazi.

"Weye mutu, unatafuta kufa?" mama akapiga kelele.

Pengine.

Wiki tatu zilizopita alikuwa amesimama kwenye uwanja wa ndege akikagua katoni ya kwanza ya kalamu. Kampuni ya Adolphe ilikuwa na kazi ya kuhesabu wakimbizi wa ndani kambini, na makarani wake waliandika majina kwenye tableti kwa kalamu za kielektroniki. Adolphe alisema katoni inakwenda kwenye ofisi yao ya Kampala. Liévin alichukua kalamu moja. Ilikuwa nzito.

"Betri hiyo, chef," Adolphe alisema.

Liévin akaijaribu juu ya tableti kwa mkono mtupu. Mstari ukatoka safi. Akatia sahihi, katoni ikapanda ndege.

Na alikuwa ameonywa! Asubuhi ile ile Dorothée alimpigia simu. Alikuwa karani kambini, mkimbizi wa kijiji cha Bule, na mtu aliyempa Liévin habari kwa siri.

"Papa Liévin, kalamu yetu haina betri. Kioo ya tableti njo inaipatia nguvu. Siye tunavalaka ganti ya mupira ku mikono juu ya magonjwa, na inaandika tu. Zile za karto sijui kama ni kalamu. Ujaribu na ganti."

Liévin alicheka. Alicheka kabisa, kwa sauti.

"Mama, weye hesabu batu. Siye tunajua kazi yetu."

Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga. Ila sikio lile lilikuwa la Liévin, na waliokufa walikuwa wengine. Zile hazikuwa kalamu. Zilikuwa vijiti vya dhahabu ya machimbo ya Bambu vilivyopakwa rangi nyeusi na kuwekwa ncha ya mpira unaopitisha umeme. Dhahabu ile ikageuka bunduki, na bunduki zikaingia Bule. Aimé, kaka yake Dorothée, alikuwa amerudi kuvuna maharage. Hakutoka shambani.

Saa nne na dakika thelathini na nane.

Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa karibu na ndege. Adolphe alisimama kando yake, suti ya kijivu, tabasamu pana.

"Chef Liévin! Siye tena?"

"Siye tena. Fungua."

Adolphe akafungua katoni bila wasiwasi. Akatoa kalamu na tableti yake ya Samsung, akachora duara kubwa kwenye kioo.

"Unaona? Inaandika. Kama mara ile."

Liévin akatoa mfukoni glavu za mpira, nene, za rangi ya chungwa.

"Vala."

"Ya nini?"

"Vala, Adolphe."

Adolphe akafuta duara, akavaa. Akashika kalamu ile ile, akaipitisha juu ya kioo. Kioo kikabaki cheupe. Akakandamiza. Cheupe.

Liévin akampa nyingine, nyepesi, aliyoazima kwa Dorothée. Kabla ncha haijagusa kioo, kidoti kidogo kikatokea chini yake. Mkono wa Adolphe uliposogea, kidoti nacho kikasogea.

"Hii iko na waya ndogo ya kuzunguka ndani," Liévin alisema. "Kioo inaiita, inajibu. Haiulize mukono yako imevala nini. Ile yako inaazima mwili ya mutu. Bila ngozi, ni kijiti tu."

Tabasamu likazimika.

Adolphe akachomoa Makarov kiunoni. Alikuwa mwepesi, lakini alisahau mkono wake umevaa nini. Kidole chenye mpira mnene kilikwama nje ya kifyatulio. Akasukuma. Kikakataa.

Kiwiko cha Liévin kilimpata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Pingu zikalia mara mbili.

Kisha akachukua kisu, akakwangua kijiti kimoja cha katoni. Rangi nyeusi ikachubuka, manjano ikang'aa juani. Hakufurahi hata kidogo. Kazi hii ya dakika mbili angeweza kuifanya wiki tatu zilizopita.

Simu ikaita.

"Félicitations," Kanali alimpongeza. "Mu rapport uandike karto hii tu. Ile ya kwanza hatukuionaka."

"Mie niliionaka, Kanali. Niliipitisha na mukono yangu. Nitaandika."

"Batakufukuza!"

"Bafukuze."

Akakata.

Saa sita alikuwa kambini. Dorothée aliketi nyuma ya meza, glavu mikononi, akiandika familia ya watu saba. Liévin alingoja hadi wa saba. Kisha akamrudishia kalamu yake.

"Tumemukamata Adolphe, mama Dorothée."

"Asante, papa."

"Ulinambiaka. Nilicheka. Aimé alikufa juu ya kosa yangu."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kofi. Dorothée alivua glavu polepole, moja baada ya nyingine.

"Najua ulicheka," alisema. "Nikasikia haya, nikanyamaza. Nilikwambiaka mara moja tu, papa. Kila siku najiuliza: kama ningekwambia mara mbili?"

Liévin alielewa. Hata mzigo huu wa kujilaumu alikuwa amemtwika Dorothée.

"Mara moja ilitosha, mama," alisema. "Mara moja ilitosha."

Akavaa miwani yake ya jua na kutembea taratibu kati ya mahema hadi kwenye Boxer. Mtu aliyemtazama angesema: huyo, hana wasiwasi wowote.