Vijiti vya RAM Havina Miguu

"Rowena! Mgeni wako huyo, karudi."

Bosi aliita kutoka mbele ya duka la kutengeneza kompyuta. Rowena Dimaculangan aliinua kichwa kutoka kwenye meza ya ufundi. Pale kaunta alikuwa amesimama Kristjan Bjarnason, theluji ikimyeyukia mabegani, amekumbatia kompyuta iliyofungwa blanketi kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki.

"Tena?"

"Tena, fundi. Imezima katikati ya kurekodi. Wazee wangu wa kwaya wamenuna."

"Hii mara ya nne, Kristjan. Ndani ya wiki tano."

"Najua," akajibu, na wala hakuwa na uso wa mtu mwenye shida. Alikuwa anatabasamu.

Kristjan alikuwa fundi wa piano, na kompyuta ile aliitumia kurekodi kwaya ya wazee. Alitoka Gimli, mji mdogo kando ya ziwa, mwendo wa saa nzima kwa gari mpaka hapa Winnipeg. Mara ya kwanza alikuja na tatizo la kweli kabisa. Alikuwa amenunua vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu ya kompyuta, vya mwendo wa elfu tatu na mia sita, akavipachika mwenyewe, na mashine ikawa inajikokota. Rowena aliifungua mbele yake siku ile akamwelekeza.

"Umevibananisha nafasi ya kwanza na ya pili. Ukihesabu kutoka kwenye prosesa, vinatakiwa vikae ya pili na ya nne, ndipo vifanye kazi kwa pamoja. Halafu hukuiambia mashine vijiti vyako vina mwendo gani. Inaviendesha elfu mbili na mia moja."

"Kumbe nimenunua farasi nikamfunga kwenye toroli."

Rowena alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Kristjan akaiokota, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, ila Rowena hakujua.

Siku hiyo ya mara ya nne, Kristjan alipokwisha kuondoka kwenda kurekebisha piano ya kanisa moja mjini, bosi, mzee Haldane, alimwita Rowena pembeni.

"Binti, kazi yako naijua. Lakini mashine moja kurudi mara nne? Wateja wana macho. Jumatatu natangaza fundi mkuu, na ulikuwa wewe. Sasa hata sijui."

"Bosi, kila ikitoka hapa inakuwa nzima. Naijaribu siku nzima."

"Basi niambie inaugulia wapi."

Rowena alirudi mezani. Miaka sita ameifanya kazi ile kwa jasho. Alifungua ubavu wa kompyuta, akamulika tochi, akaganda.

Mara ya pili alikuta kijiti kimoja kimelegea, akajilaumu kwamba hakukikandamiza sawasawa. Mara ya tatu alivikuta vimebanana tena, ya kwanza na ya pili, akajiuliza kama anaanza kuzeeka kabla ya siku zake. Kwa hiyo safari ile aliviwekea alama: tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kila kijiti, na tone jingine kwenye nafasi yake, ya pili na ya nne. Akapiga na picha.

Sasa vijiti vyenye nyekundu vilikuwa nafasi ya kwanza na ya tatu. Nafasi zenye nyekundu zilikuwa tupu.

Akachukua simu.

"Kristjan, uko wapi?"

"Kanisani, nimeingiza kichwa kwenye piano. Umeshaitengeneza? Hodari wewe!"

"Nani mwingine anaigusa kompyuta yako?"

"Hakuna. Naishi na bibi yangu tu, na yeye hata rimoti ya televisheni anaiogopa."

"Basi nieleze. Vijiti vya RAM havina miguu. Vimehamaje?"

Ikasikika noti moja ya piano, kama mtu kaegemea bila kukusudia.

"Kristjan?"

"Nimevihamisha mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ile ya kwanza tu ndiyo ilikuwa ujinga wangu wa halali."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukuona. Nikikosa kitu kibovu, nakuja kusema nini?"

Moyo wa Rowena ulitaka kuruka kwa furaha, lakini hasira ikawahi mlangoni.

"Unajua umenifanya nini? Bosi anaona sijui kazi! Nimekaa wiki mbili najiona mpumbavu, nakagua kila nilichoshika. Ukuu wa mafundi unanipita kwa sababu wewe umeshindwa kusema sentensi moja!"

"Rowena, sikujua, naapa..."

Akakata.

Meseji zikaanza kuingia.

*Nimekukosea sana. Nilidhani nacheza na kompyuta yangu, kumbe nacheza na jina lako.*

*Usinijibu. Ila kesho asubuhi nakuja kuongea na bosi wako.*

Rowena alizisoma mara nne. Hakujibu hata moja, na hakufuta hata moja.

Kesho yake dhoruba ya theluji iliamka kabla ya watu. Redio ilikuwa inaonya madereva wabaki nyumbani. Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa, Kristjan akaingia nyusi zimeganda barafu. Dukani walikuwepo wateja watatu. Hakuwajali.

"Mzee Haldane, nimekuja kukiri. Mashine yangu haikuwa na kitu. Mimi ndiye nilikuwa naiharibu, ili nipate sababu ya kuja kwa Rowena."

Mteja mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa asikie vizuri.

"Unaiharibu vipi?" Haldane akauliza, mikono kifuani. "Mtu anaweza kujitolea kumfichia mwenzake makosa. Nitajuaje?"

Rowena akaleta kompyuta, akaibwaga kaunta. "Mwache aonyeshe. Chomoa vyote, Kristjan. Tuonyeshe ulivyofanya."

Kristjan akavichomoa, akaanza kueleza kimoja kimoja. "Mara ya pili nilikiachia hiki lachi moja, yaani kibanio cha pembeni, kikakaa upande. Mashine haikuwaka kabisa. Mara ya tatu nikavibananisha hapa na hapa, ikawaka lakini ikawa nzito. Juzi nikaviweka ya kwanza na ya tatu, nikauacha mwendo uleule wa juu, ikawa inazima kila baada ya nusu saa." Kisha akavisukuma nafasi ya pili na ya nne, lachi zikalia *ka, ka*. "Na hivi ndivyo alivyokuwa anaviacha yeye. Kila mara. Hakukosea hata siku moja."

Rowena akasogeza simu yake mbele ya bosi, picha ya alama nyekundu ikiwa wazi. Haldane akaitazama, akamtazama Kristjan, akakuna kidevu.

"Kijana, umeendesha kwenye dhoruba hii kuja kujiaibisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi mke wangu nilimwomba tu tukanywe soda." Duka zima likaangua kicheko. "Rowena, samahani, binti yangu. Sina haja ya kungoja Jumatatu. Fundi mkuu ni wewe. Na huyu, mashine yake hatuipokei tena."

Kristjan aliifunga kompyuta yake kwenye blanketi akaelekea mlangoni bila kugeuka. Rowena akamfuata hadi nje, upepo ukiwakata mashavu.

"Mimi bado nina hasira," akasema.

"Una haki."

"Jumapili nitakuja Gimli. Nataka nikuone unafananaje ukiwa hujabeba kompyuta."

Jumapili jua lilitoka, ziwa limeganda jeupe hadi mwisho wa macho. Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye aproni, akamkagua Rowena juu hadi chini.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, ingia. Mjukuu wangu alikuwa anakibomoa kile kisanduku juu ya meza yangu ya chakula huku anapiga mluzi! Nikamwambia, mtu haharibu mali yake kwa furaha namna hiyo, wewe umependa. Akabisha. Muongo huyu, hata kudanganya hajui!"

"Amma, tafadhali," Kristjan akalia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, uso umeiva.

Walikula keki ya plamu yenye tabaka saba, wakanywa kahawa, wakachekana mpaka bibi akajifanya ana kazi jikoni. Ndipo Kristjan akakohoa.

"Rowena, naomba nije Winnipeg Jumatano. Sina kitu chochote kilichoharibika. Nakuja kwako tu."

"Umeona? Sentensi moja. Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu kuliko barabara ya juzi."

"Njoo," akasema, akimshika mkono juu ya meza. "Ila uje na njaa. Mama yangu hajui kupika kidogo."

Alikuja Jumatano hiyo, na Jumatano zote zilizofuata, hadi Agosti. Harusi ilifanyika Gimli, ziwa likimetameta. Shangazi za Rowena walipakua pansit, tambi za kwao, kwa masufuria, mzee Haldane akalia kama baba wa bibi harusi, na bibi yake Kristjan, aliyesema magoti yake yamekwisha, alicheza mpaka wapiga muziki wakaomba kupumzika.